MASWALI YA WASOMAJI: Munara ya kanisa inalala mu foto yangu

SWALI: Jambo mama wa foto. Mi ni mwalimu mu retrete, niko Katuba hapa Lubumbashi, nilifundisha miaka 34, sasa pesa ni kidogo lakini wakati niko nao mwingi. Binti yangu aliolewa Kitwe kule Zambia, basi mwezi wa tisa mwaka jana, karibu na mwisho, nilienda kumusalimia, na kutoka pale nikapanda basi mpaka Mpulungu kule ziwa Tanganyika juu tangu niko kijana nilisikia kuna kanisa ndogo ya mawe ya zamani inaitwa Niamkolo. Nilifika saa sita ya mchana, nikapiga foto kama 40 na telefoni. Kurudi nyumbani wajukuu wanacheka tu: munara inalala nyuma kama mlevi, mbingu nyeupe kama shuka, mawe nyeusi tii, utasema ni rundo la mawe ya kujengea. Mtoto wangu anasema ninunue apareyi ya foto ya kisasa, lakini niko na ingine ya zamani alinipa, sijaitumia hata siku moja. Ninunue? Nataka kurudi.

JIBU: Papa mwalimu, jambo sana, na usinunue kitu. Ile pesa iweke ya basi. Telefoni yako haina kosa, kosa ni saa sita na ni mwezi wa tisa.

Nakuelezea. Kule Mpulungu, katikati ya mwezi wa kumi, jua la mchana linasimama utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Mwisho wa mwezi wa tisa linakuwa karibu kufika pale. Sasa jua likitoka juu namna hiyo linapiga juu ya ukuta tu, uso wa ukuta unabaki gizani, na jiwe bila kivuli cha upande halionekani kama jiwe, linakuwa doa. Ongeza moshi: wewe mtu wa Katanga unajua mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma majani kila pahali, na upande wa Zambia ni hivyo hivyo, mbingu inakuwa kama maziwa ya maji, na hakuna apareyi ya bei gani itakuletea bluu ambayo haipo. Enda mwezi wa tano. Mvua imeisha, vumbi haijaanza, majani bado mabichi, na jua la mchana linapita upande wa kaskazini kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini unapata mwanga hata saa sita. Lakini wewe usifanye kazi saa sita, wewe ukuwe pale saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, tena urudi saa kumi na moja ya jioni, jua liko chini, linateleza juu ya ukuta kutoka kando, kila jiwe linatoa kivuli chake kidogo, utaona hata fundi aliliweka namna gani. Watalii wenye haraka hawawezi hiyo, wanashuka gari, wanapiga, wanapanda. Wewe uko mu retrete, lala Mpulungu siku mbili!

Munara kulala: uliinamisha telefoni kuangalia juu, kweli? Kila mtu anafanya hivyo, hata mi nilisimamisha bibi harusi mbele ya mlango wa parokia, dada yangu mwenyewe, na kanisa yote ikamwangukia mgongoni, mpaka leo anakumbusha. Telefoni ikisimama wima kama mlango, ukuta unasimama. Ikiinama, ukuta unainama. Basi rudi nyuma, rudi tena, mpaka ncha ya munara iingie bila kuinua mkono, majani mengi ya chini utayakata baadaye mu telefoni. Na usitumie ile lansi ya kupanua (0.5), inavuta kila kitu kwenye kona. Kujaribu hakuhitaji safari: enda pale mujini mbele ya katedrali Saints Pierre et Paul, ile ya matofali, omba ruhusa kwanza, fanya mazoezi asubuhi moja.

Mbingu nyeupe na mawe nyeusi: gusa mawe kwenye ekra, halafu shusha mwanga na kidole pole pole mpaka uone mawe yanaanza kuwa giza, simama hapo. Jua likuwe mgongoni ao kando, siyo mbele. Na futa lansi! Nusu ya foto za wazee zenye ukungu ni mafuta ya mkono.

Sasa kitu ambacho hukuniuliza. Niamkolo haina paa. Ilijengwa miaka ya 1890 na wamisionari wa London Missionary Society, na 1908 waliiacha kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Foto zako 40 zote, naona kwa maneno yako, ni za nje. Ingia ndani! Mu kanisa yenye paa ungepigana na giza na madirisha yanayowaka, pale mbingu yenyewe ndiyo taa, ukuta wote unapata mwanga laini, na ule utupu wa ndani ndio unaeleza malale kuliko munara. Omba mtu wa pale asimame mlangoni, mtoto ao mama anayepita, umwombe vizuri na umuonyeshe foto, ndiyo wajukuu wataelewa kanisa ni ndogo namna gani.

Njiani, Kasumbalesa, pale mpaka wa Congo na Zambia, telefoni ibaki mfukoni. Mpaka haupigwi foto, na kueleza kwamba wewe ni mwalimu hakutasaidia.

Ile apareyi ya zamani chukua nayo, lakini chaji betri wiki moja mbele uone kama inashika, na ujaribu kadi yake, isije ikakuambia imejaa ukiwa mbele ya mlango.