Mpiga besi, koti livulie mlangoni

Juzi dogo mmoja wa Makambako kanitumia meseji, "Kaka Radi shikamoo, mi napiga besi na nyimbo zote za bendi naandika mimi, ila mashabiki wanamjua mwimbaji tu, niache?" Nimekaa na hiyo meseji siku mbili maana huyo dogo ni mimi kabisa wa miaka kumi na mbili iliyopita, so jibu nalitoa hapa na nyie wengine mnaotaka kufika mbali na besi mlipate.

Mi nilianzia kwaya ya kanisani hapahapa Mbeya nikahamia bendi ya roki. Jukwaani nilikuwa nasimama nyuma karibu na ngoma, kimya, kaunta buku la mashairi liko kwenye begi. Mwimbaji akasema tafuta muonekano bwana. Nikaenda Mwanjelwa kwenye mitumba nikapata koti refu jeusi na miwani myeusi, nikajiita Radi. Usiku wa kwanza watu walipiga kelele sijawahi kusikia, na mimi mwoga nikawa siogopi mtu.

Shida Radi akaanza kukua. Tulienda kupiga Mafinga mwezi wa sita, baridi ile mnaijua, vidole havikunji, mtu akaleta pombe kali eti ipashe mikono moto. Radi akanywa. Wimbo wa tatu nikapotea, wenzangu wako kwenye kiitikio mi niko kwenye ubeti, na besi ikipotea bendi nzima inachechemea. Asubuhi nafika nyumbani na koti langu, mwanangu wa miaka minne akajificha nyuma ya mama yake. Hiyo iliniuma kuliko Mafinga yote.

Ndo nikaanza kufuatilia habari za Nikki Sixx wa Mötley Crüe, bendi ya roki ya Marekani. Mpiga besi, nyimbo nyingi za bendi kaandika yeye, anaimba Vince Neil. Kazaliwa California 1958 anaitwa Frank Feranna, baba kaondoka yeye bado mdogo, kalelewa sana na bibi na babu, ukubwani akabadili jina mpaka kisheria. Desemba 1987 heroini nusura imuondoe, wakamzindua, na baadaye akaacha na anaongelea uraibu wake waziwazi. Nilivyosoma pale pa kubadili jina niliweka simu chini. Mtu anaweza kumzika yule wa nyumbani kabisa akabaki na yule wa jukwaani tu.

Na usidhani kufunikwa na mwimbaji kumeanza na wewe. Geezer Butler, mpiga besi wa Black Sabbath, bendi ya roki ya Uingereza, kijana wa Aston kule Birmingham, ndo alikuwa anaandika maneno mengi ya bendi, Ozzy Osbourne anaimba, na mpaka leo kuna watu wanajua yote ni ya Ozzy.

Mi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Mwimbaji wetu wa kwanza aliondoka na nyimbo zangu nne akaenda kurekodi Dar, mwandishi kajiandika yeye. Nimekuja kusikia mmoja niko ndani ya bajaji Mafiati, dereva anauimba wote kwa raha zake, nikashindwa kumwambia ni wangu, nikasema nishushe hapahapa. Miaka imepita ila wimbo ule ukipigwa mahali natoka nje.

Kwa hiyo dogo usiache, ila andika tarehe kwenye kila wimbo, jirekodi na simu, nenda kasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria ya hakimiliki ipo toka 1999 na wimbo ni wako tangu umeutunga, lakini bila ushahidi utabishana mpaka uzeeke. Na koti livue mlangoni. Narudia, livue mlangoni! Mkeo hakuolewa na Radi, mama yako hakumzaa Radi, vijana tunapenda sifa mpaka tunaenda nazo mezani kula.

Mwezi uliopita mwimbaji wetu wa sasa, dada mmoja muungwana sana, kabla ya wimbo wa mwisho akatangaza maneno haya kayaandika huyu wa besi, akataja jina langu la ubatizo. Mama alikuwepo. Akasimama na kitenge chake akapiga kigelegele peke yake ukumbi mzima.

Jumamosi tuna mazoezi Soweto ya hapa Mbeya saa nane mchana. Dogo panda gari uje na besi yako na daftari lako la nyimbo, nauli nitakurudishia.