Mama wa mchumba wangu ana skizofrenia, wanangu watarithi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27 niko Morogoro, posa imeshaletwa. Juzi shangazi kapeleleza akagundua mama wa mchumba wangu anatumia dawa za skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, miaka mingi, aliwahi kulazwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, basi nyumbani imekua kelele, eti ukoo una vichaa ntazaa vichaa. Mchumba ana 34, mzima kabisa. Kuna kipimo cha damu tukapime?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa posa. Shangazi hajakosea yote, huu ugonjwa kweli unatembea kwenye familia, ila hesabu kaikuza mno. Mtu yeyote tu ana hatari ya kama 1 kati ya 100. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa inapanda mpaka kama 10 kati ya 100, na kwa mchumba wako hata hiyo imeshashuka, maana wanaume wengi unawaanza mwishoni mwa ujana au wakiwa ishirini na kitu, yeye keshapita hapo. Watoto wenu watakua wajukuu wa mgonjwa, hapo ni kama 3 mpaka 5 kati ya 100.

Kipimo cha damu hamna. Hakuna jeni moja ya kuikamata, utafiti mkubwa uliotoka 2022 ulikuta sehemu 287 kwenye vinasaba, na kila moja inaongeza hatari kidogo sana. Ipo kasoro nadra, kipande cha kromosomu ya 22 (kromosomu ndo zinabeba jeni) kinakosekana, wenye kasoro hiyo kama robo yao wanaugua, lakini wengi huzaliwa na shida ya moyo au kaakaa kwahiyo sio stori yenu.

Afu angalia mapacha wa kufanana, jeni zilezile, mmoja akiumwa, ni kama nusu tu ya wenzao au pungufu ndo nao wanaumwa. Kwahiyo kuna mengine, bangi hasa ile kali inayoanzwa shuleni, shida wakati wa kujifungua... mimi ningekua shangazi ningepeleleza bangi kwanza ukoo baadae.

Kaeni na huyo mama mkimheshimu, awaambie kwake ilianzaje, kama ni kujitenga, kukosa usingizi au kusikia sauti. Mtoto wenu akifika umri huo wa ujana mkaona dalili kama hizo mpelekeni hospitali mapema, msianzie kwa mganga.