Kabla ya Kuhamisha Kiwanda, Soma Risiti za Jirani

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandaa hesabu za viwanda vidogo hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), na karibu kila mwenye kiwanda anayewazia kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kuhamia Zambia huniuliza kwanza kodi ya faida ya Zambia ni asilimia ngapi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 30, sawa na cha kwetu, na TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16 pande zote mbili.

Tofauti imo kwenye risiti. Mtengenezaji mmoja wa sabuni alinifungulia faili lake la mwaka mzima: risiti ya kodi ya faida ilikuwa moja, ya kiasi kidogo, na zilizobaki zilikuwa za idara za taifa, za jimbo na za manispaa, kuanzia ukaguzi wa mizani hadi ubao wa tangazo uliopo mlangoni. Kodi ya faida husubiri faida ipatikane, ilhali ada hizo hudaiwa hata mwezi ambao umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, umekatika na mafuta ya jenereta yamemaliza akiba. Kwa hiyo, unapochagua mahali, mwombe jirani mwenye kiwanda akuonyeshe faili kama hilo.

Sheria ya Uwekezaji ya Kongo ya mwaka 2002 ilipanga msamaha wa kodi ya faida kwa miaka 3 Kinshasa, 4 Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na 5 katika sehemu kubwa ya nchi iliyobaki. Mwaka huo wa ziada hauwavuti wengi, kwa kuwa kiwanda kichanga aghalabu hakina faida ya kusamehewa. Mimi nauthamini zaidi msamaha wa ushuru wa forodha kwa mitambo, maana huokoa fedha kabla kipande cha kwanza cha sabuni hakijatoka. Ila ombi lifike ANAPI, shirika la serikali la kukuza uwekezaji, kabla hujaagiza chochote.

Mwenye kinu cha unga ana hesabu nyingine. Zambia imewahi kufunga mauzo ya mahindi nje, na vinu vya huku vinavyoyategemea vikakosa malighafi. Kwake kuvuka kuna maana, ingawa walaji wa bukari (ugali) wako huku na malori hupanga foleni ndefu mpakani. Yule wa sabuni, ambaye mawese yake hutoka ndani ya Kongo na wateja wake wako Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, nilimshauri abaki, anunue jenereta ndogo zaidi, na apeleke malalamiko ya ada zinazodaiwa mara mbili kupitia chama cha waajiri badala ya kwenda peke yake.