Drafti ya NFL: Kipaji Kwanza au Pengo Kwanza?

Swali: Habari za kazi. Huku Kirumba tuko wachache tunaokesha hadi saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kufuatilia drafti ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani, ambako timu huchagua vijana wa vyuo kwa zamu. Kinachotushinda ni kuona timu yenye ngome mbovu inachukua mchezaji wa nafasi iliyokwisha kujaa. Pamba Jiji ikikosa beki, dirisha likifunguliwa inatafuta beki. Wenzetu pengo lao hawalioni?
*Msomaji, Kirumba, Mwanza*

Jibu: Wanaliona, na walio makini huwa wameshaliziba. Soko la wachezaji huru hufunguliwa Machi, drafti huja mwishoni mwa Aprili. Machi unanunua mtu wa kawaida anayeweza kucheza, ili Aprili usishikwe na njaa. Timu inayofika usiku ule na shimo wazi itamchukua yeyote wa nafasi hiyo, hata kama hastahili.

Pia Pamba husajili mtu wa kucheza wiki ijayo. Drafti inakupa kijana wa chuo kikuu kwa mkataba wa miaka 4, na aliyechukuliwa raundi ya kwanza klabu ina haki ya kumwongezea wa 5. Katika muda huo wachezaji wataumia, watazeeka, wataondoka. Nafasi iliyojaa leo inaweza kuwa tupu msimu wa pili.

Tazameni Baltimore mwaka 1996. Ilikuwa na zamu ya 4, na mmiliki, Art Modell, alimtaka mkimbiaji Lawrence Phillips. Ozzie Newsome, aliyesimamia uchaguzi, alifuata ubao wake, yaani orodha ya wachezaji iliyopangwa kwa ubora: juu kabisa alibaki Jonathan Ogden, mlinzi wa pembeni kwenye mstari wa mbele. Nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe, hivyo Ogden akachezeshwa ndani kidogo msimu mzima kabla ya kuhamia pembeni mwaka 1997. Aliingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa, wanakoenziwa wakali wa mchezo huo, mwaka 2013. Phillips alichukuliwa wa 6 na St. Louis, na klabu hiyo ikaachana naye mwaka uliofuata.

Ubao huo haupangwi mtu mmoja mmoja tu, hupangwa kwa madaraja. Wachezaji wenye alama zinazokaribiana hukaa daraja moja, na wanaostahili kweli raundi ya kwanza mara nyingi hawafiki 32, ingawa timu ni 32. Hapa ndipo pengo lina kazi yake halali: kuamua kati ya watu wa daraja moja. Kushuka daraja zima kwa sababu ya pengo ni hasara.

Hatari kubwa hujificha kwenye alama zenyewe. Benchi likijua halina mlinzi, walinzi huanza kuonekana wazuri kuliko walivyo, na hakuna anayekusudia kudanganya. Dawa ni kufunga alama kabla mazungumzo ya mahitaji hayajaanza, kisha zisiguswe isipokuwa kwa taarifa mpya ya daktari au ya nidhamu.

Swali: Kama kipaji ndicho kila kitu, mbona Detroit ilichukua wapokeaji wa pasi miaka mitatu mfululizo ikabaki pale pale?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Jibu: Ni kweli: Charles Rogers wa 2 mwaka 2003, Roy Williams wa 7 mwaka 2004, Mike Williams wa 10 mwaka 2005. Mpira ni mmoja, na mpokeaji wa tatu hapati nafasi ya kulipa thamani ya zamu ya juu. Mwaka ule wa 2005, zamu iliyofuata, Dallas ilimchukua DeMarcus Ware, mtu wa ngome ambaye kazi yake ni kumvamia kwotabeki (mpiga pasi mkuu wa wapinzani), na ambaye naye leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Ubao ukikuonyesha mtu usiyeweza kumtumia, uza zamu urudi nyuma. Jedwali la zamani la Dallas la thamani ya zamu linaipa zamu ya 1 pointi 3,000, ya 10 pointi 1,300, ya 32 pointi 590. Ukishuka, dai zamu za ziada zinazofidia tofauti hiyo.

Kwotabeki ana hesabu yake. Kansas City ilikuwa na kwotabeki Alex Smith, bado mwaka 2017 ikapanda kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 kumpata Patrick Mahomes, ikamweka benchi karibu msimu mzima.

Swali: Tunaandaa bonanza la soka, manahodha wanne wanachagua wachezaji kwa zamu. Golikipa achukuliwe lini?
*Msomaji, Igoma*

Jibu: Hesabuni makipa kwanza. Wakiwepo wanne wanaolingana, subirini, kila timu itapata wake. Wakiwa wazuri wawili tu na waliobaki hawadaki krosi, mchukueni mmoja mapema, hata mbele ya winga mwenye mbwembwe. Zamu ziende 1, 2, 3, 4 kisha zirudi 4, 3, 2, 1. Nahodha wa nne atachagua wawili mfululizo, kwa hiyo afikirie jozi, mfano kipa na beki wa kati.