Walimu wa Kompyuta Mnauliza: Cheti, Posho na Lile Swali la Bando

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Fizikia, ila muhula huu mkuu wa shule kanipa na Kompyuta kidato cha kwanza kwa kuwa namiliki laptop. Tuna kompyuta nne, inawaka moja. Nianzie wapi? (Singida)

Marahaba. Mwenye sufuria si lazima awe mpishi, lakini mkuu wako keshaamua. Anza na boksi na mkasi. Kata kadi tano, uchore vitone 16, 8, 4, 2 na 1, kila kadi na idadi yake. Wasimamishe wanafunzi watano mbele kwa mpangilio huo, kadi ya 16 ikiwa kushoto kwa darasa. Waambie unataka vitone 11. Watabishana kidogo, kisha wa 8, wa 2 na wa 1 wataonyesha kadi zao, wengine wafiche. Aliyeonyesha ni 1, aliyeficha ni 0. Andika ubaoni 01011; ndivyo kompyuta inavyoandika 11, kwa 0 na 1 tu. Sasa uliza: mwanafunzi wa sita aje na vitone vingapi? Akitokea wa kusema 32 bila kuambiwa, somo limeingia.

Mbinu hii ni ya Tim Bell na wenzake huko New Zealand, na wao wala hawakuwa na shida ya umeme. Kadi hizo zipeleke kwenye MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Wenzako wa Hisabati wakae kama wanafunzi, ufundishe, wakukosoe. Jumuiya ya ujifunzaji ni kazi hiyo, si kusaini mahudhurio na kupiga picha ya kutuma wilayani.

Nimesoma Python, lugha ya kuandikia programu, wiki moja na cheti ninacho. Naweza kufundisha kidato cha tano?

Hapana.

Naomba kozi nzuri ya bure isiyokula bando.

Jamani! Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Pakua Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu, mara moja, iweke kwenye flashi, isambaze. Haihitaji intaneti, haina malipo, na menyu zake zipo hata kwa Kiswahili. Mashine ikiwa kuukuu, jaribu toleo la 1.4.

Na mpunguze kukusanya kozi. Namfahamu mwalimu mwenye vyeti kumi na vinne ukutani. Nilimkuta darasani akiandika ubaoni "Mausi ni kifaa cha kuingizia data", watoto wananakili, na mausi zenyewe zimo kabatini, hata nailoni hazijatolewa.

Kuna semina ya siku tatu mjini, haina posho. Niende?

Uliza kwanza kama utagusa kibodi. Kama ni slaidi tupu, baki ufundishe. Kama utagusa, panda basi.

Wakuu wa shule nanyi mnisikie: acheni kumpeleka mtu semina ya Kompyuta eti zamu yake ya posho imefika. Na aliyekwenda akirudi, mpeni vipindi viwili afundishe wenzake wakitazama. Wakenya walipoanza SMASSE, mradi wa kuboresha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi sekondari, mwaka 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, mwendo ulikuwa huu: panga, fanya, tazama, boresha. Sisi kupanga tunajua sana. Kutazamwa hatutaki; mwenzako akikaa nyuma ya darasa lako unadhani katumwa.

Akili mnemba iniandalie andalio la somo, ni dhambi?

Si dhambi. Ila itakuandalia somo la darasa lenye projekta na kompyuta kwa kila mtoto, kwa hiyo ubadilishe. Na msimbo wowote wa programu itakaokupa, uendeshe mwenyewe kabla ya kipindi. Juzi kijana mmoja alinipigia simu kwamba kompyuta za maabara zina virusi, kila programu inagoma mstari wa kwanza, na kipindi kimeisha hivyo hivyo. Nikamwambia anitumie picha ya skrini. Alikuwa amenakili msimbo akaupitisha kwenye Word ili auchape vizuri, na Word ikazipinda alama za nukuu; zikipinda, kompyuta haizitambui kwenye msimbo.