Cheti "kimesitishwa": kimesimama au kimefutwa?

SWALI: Assalamu alaikum mwalimu. Kaka yangu ni mkaguzi wa kazi za kuchomelea vyuma. Taasisi iliyompa cheti imemwandikia kwamba "cheti chako kimesitishwa kuanzia tarehe ya barua hii". Mwajiri wake kaisoma, kasema cheti hakipo tena, kamtoa kazini. Kaka anasema kimesimama tu. Nani kati yao kaelewa? Na kusitisha, kusimamisha, kufuta na kubatilisha yana tofauti gani? (Msomaji, Chake Chake, Pemba)

JIBU: Waalaikumu ssalaam ndugu yangu. Wote wawili wameelewa Kiswahili kinavyosemwa leo. Mwenye makosa ni aliyeiandika barua ile.

Kusitisha linanikera kwa miaka, na barua ya kakaako imenipa sababu ya kulisema waziwazi. Asili yake ni kusita, na anayesita hajaacha safari. Bahari ikichafuka, boti za Unguja na Pemba husitishwa, na abiria anajua upepo ukitulia ataondoka. Mapigano nayo husitishwa, na kila upande bado una bunduki mkononi. Hapo neno limekaa pake. Lakini siku hizi tunaambiwa "mkataba umesitishwa" na maana yake umevunjwa, "ajira yake imesitishwa" na maana yake kafukuzwa. Neno moja linabebeshwa kungoja na kwisha. Katika habari za redioni nimechoka kuligombania, waseme watakavyo. Katika barua inayogusa riziki ya mtu, silikubali hata kidogo.

Silikubali kwa sababu kazi yenyewe ya kutoa vyeti inatenganisha mambo haya mawili. Kiwango cha kimataifa ISO/IEC 17024 cha mwaka 2012, ambacho taasisi za kuthibitisha ujuzi wa watu hupimwa nacho ili zipewe ithibati, yaani zitambuliwe rasmi kuwa zinafaa kutoa vyeti, kinazitaka ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kusimamisha cheti, wa kukifuta, na wa kupunguza mawanda yake, yaani kazi ambazo cheti kinazihusu. Cheti kikisimamishwa, mwenye nacho hatakiwi kukitangaza mpaka kasoro iondoke, na taasisi huweka muda wa kuiondoa. Muda ukipita na kasoro ipo pale pale, cheti hufutwa au mawanda yake hupunguzwa. Kikifutwa, haruhusiwi tena kujitaja popote kuwa ana cheti hicho.

Sisi watu wa visiwani tusingehitaji kiwango kutoka Geneva kutufundisha tofauti hiyo. Mume akimwacha mkewe talaka rejea, mke yumo edani. Huyo hajatoka katika ndoa kwa ukamilifu: ana haki ya kukaa na kulishwa, hakuna mwanamume mwengine anayeruhusiwa kumposa, na mume anaweza kumrejea bila ya nikaha mpya. Eda ikimalizika hajarejewa, ndoa imekwisha. Mume akimtaka tena apeleke posa, mahari yatajwe, na mke ana haki ya kukataa. Sasa mwandikie mwanamke wa Wete au wa Makunduchi kwamba "ndoa yako imesitishwa", uone kama atanyamaza. Atauliza papo hapo: nimo edani au nimeshaachika? Eda yangu inakwisha lini? Ana haki ya kuuliza, kwa sababu nyumba anayolala na posa atakayoipokea au kuikataa vinategemea jibu. Kadhi anayejua kazi yake hataandika tamko moja kwa hali hizo mbili. Cheti kilichosimamishwa kimo edani: muda upo, sharti lipo, njia ya kurejea ipo. Cheti kilichofutwa eda yake imekwisha, na anayekitaka aanze upya. Anayeandika "kimesitishwa" bila kutaja muda wala sharti anamwacha mtu hana ndoa wala hana talaka.

Kubatilisha ni jambo jengine. Linatokana na batili, neno la Kiarabu, na mimi naliweka kwa cheti ambacho tangu mwanzo hakikuwa halali, kwa mfano kilichopatikana kwa mtihani uliofanywa na mtu mwengine. Mtu aliyekipata kwa haki, kisha akashindwa kuonyesha kwamba ujuzi wake bado upo, cheti chake hufutwa. Kumwambia kimebatilishwa ni kumtuhumu udanganyifu ambao hakuufanya. Na kunyang'anywa tuwaachie wanaolalamika kuwa wamedhulumiwa. Mtoaji wa cheti asilitumie katika barua zake.

Hukumu yangu basi: andika kusimamisha, na hapo hapo utaje mpaka lini na kwa sharti gani. Andika kufuta pale mambo yamekwisha. Kusitisha liondoke kabisa katika barua za vyeti.

Kakaako aiandikie taasisi leo, aulize cheti kimesimamishwa au kimefutwa, kwa sababu gani, na kama kimesimamishwa atimize nini kabla ya tarehe gani. Nakala ampe mwajiri. Akingoja jibu asikionyeshe cheti kwa mteja, kwani hilo limekatazwa katika hali zote mbili. Akijibiwa kuwa kimefutwa naye haridhiki, akate rufaa. Kiwango kile kile kinataka rufaa iamuliwe na watu ambao hawakushiriki katika uamuzi wa mwanzo, na taasisi haina ruhusa ya kumtendea vibaya kwa kuikata.