Maswali ya upinde: nunua mpini, mikono itafuata

Barua nyingi safari hii zinahusu upinde wa kufungua, ule wenye mpini katikati na mikono miwili inayofungwa kwa skrubu, ncha zake zimepinda kwenda mbele. Walioandika "upinde mzuri ni upi?" bila kutaja kimo, umri wala kazi ya huo upinde, barua zao nimeziweka pembeni. Sipigi ramli.

Nina miaka 24, nanyanyua vyuma na nguvu ninazo. Nimeona upinde wa Samick Sage wa ratili 50 kwa bei nzuri. Niichukue? (Nakuru)

Chukua mpini, mikono iache. Hakuna mwezi unaopita bila kijana mwenye kifua kuniuliza hili, na jibu ni lile lile: anza na ratili (paundi za nguvu ya kuvuta kamba) 25 au 30. Ukiwa na mwili mkubwa kweli, 35. Upinde hauvutwi kwa kifua, wala kwa ule msuli wa mkono mnaoupiga picha. Unavutwa kwa misuli ya mgongoni, katikati ya mabega, na huko wengi wenu hamjawahi kugusa. Hamsini utaivuta, sikatai. Utaivuta mara tano mbele ya marafiki. Ya sita bega la mkono ulioshika upinde litapanda hadi sikioni na vidole vitaachia kabla hujalenga. Ukiendelea hivyo wiki mbili, mwili umeshazoea kosa, na kulitoa ni kazi ya miezi. Jipime: vuta mpaka kidole kiguse pembe ya mdomo, tulia, hesabu polepole hadi kumi, rudisha taratibu. Ukianza kutetemeka kwenye sita, huo si wako.

Raha ya upinde wa kufungua iko hapo. Mikono ya Sage hutoka ya ratili 25 hadi 60, ikipanda tano tano, na yote inakaa kwenye mpini ule ule. Ukikomaa, unabadili mikono tu.

Na msinitajie Waata wa Tsavo. Ni kweli pinde zao za kuwindia tembo zilipita ratili 100, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wana pinde nzito. Lakini mtoto wa Kihadzabe hushika upinde kabla hajajua kuhesabu. Wewe ulishika rimoti.

Upinde wangu umeandikwa inchi 62, ratili 35 kwa inchi 28. Rafiki yangu anasema nikiuvuta mimi si 35. Nani muongo? (Morogoro)

Hakuna muongo. Ratili zinazoandikwa hupimwa kamba ikivutwa inchi 28. Ukivuta pungufu, kila inchi inaondoa ratili mbili hivi. Ukizidisha, inaongeza kiasi hicho hicho. Nyoosha mikono pande zote mbili, pima kwa inchi kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Mwenye 65 anavuta 26, kwa hiyo 35 yake ni kama 31. Ukipata zaidi ya 29, achana na upinde wa inchi 62, tafuta wa 66 au 68, la sivyo pembe ya kamba itakubana vidole.

Mpini wa mbao au wa aluminiamu? (Mombasa)

Mbao, kama unapenda kuutazama. Aluminiamu wa mfumo wa ILF, kama unataka kufunga mikono ya kampuni yoyote yenye mfumo huo na kupunguza au kuongeza ratili chache kwa skrubu. Mwenye ndoto za kushindana kwenye daraja la upinde mtupu, usio na kilengeo, asome kwanza kanuni za World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu: upinde ukiwa umevuliwa kamba, pamoja na vikorokoro vyake, lazima upite kwenye tundu la sentimita 12.2. Wapo wanaofunga vizito vya bei mbaya halafu haupiti.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Ninunue upinde wa kushoto? (Kigoma)

Sikiliza jicho lenye nguvu, siyo mkono. Nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali, fumba jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami, huo ndio upande wako wa kuvutia.

Ni lazima kununua kamba ya kuvalishia? Babu alikuwa anapitisha upinde mguuni na kuukunja. (Singida)

Ni lazima, na nimeshalijibu hili mpaka nimechoka. Upinde wa babu ulikuwa wa mti mmoja. Ukienda upande, alikata mwingine. Mikono ya leo ni tabaka za mbao na faibaglasi zilizogandishwa kwa gundi, na ukiukunja kwa paja inajisokota. Kamba ya kuvalishia ina vifuko viwili vya kuvisha ncha. Unaikanyaga katikati, unainua mpini, unasogeza kitanzi cha kamba ya upinde mpaka kikae kwenye mfereji wa nchani. Hakikisha vitanzi vyote viwili vimekaa kabla hujalegeza, na uso uwe pembeni.

Upinde wangu ni ratili 30. Nilinunua mishale ya kaboni namba 340 kwa punguzo, yote inakwenda kushoto. Navutia mkono wa kulia. Nirekebishe nini? (Dar es Salaam)

Mishale. Hiyo namba hupatikana kwa kuegemeza fito, yaani mwili wa mshale, kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha kuning'iniza katikati uzito wa ratili 1.94. Ikibonyea inchi 0.340, ni 340. Namba ndogo, fito ngumu. Mshale unatakiwa ujipinde ukizunguka mpini, na wako haupindi kwa ratili 30. Tafuta 700 au 800. Fito ukiiacha ndefu, hata 600. Manyoya yawe ya ndege kama unalaza mshale kwenye mpini wenyewe, kwani yale ya plastiki hugonga mpini.

Ambalo hukuuliza: kabla ya kupiga, kunja kidogo mshale wa kaboni kwa vidole karibu na sikio. Ukisikia kitu kinakwaruza ndani, uvunje na uutupe. Kaboni yenye ufa hupasukia mkononi mwa mpigaji.

Nilianza mwezi uliopita. Nitawinda kulungu msimu huu? (Minnesota)

Hapana. Mnyama aliyejeruhiwa hafi mbele yako. Weka kwanza mishale yote kwenye sahani ya chakula kutoka mita 15, ukiwa na koti zito la baridi, ndipo usome kanuni za jimbo kuhusu ratili za chini na chembe za mishale zinazoruhusiwa. Wa Kenya msijisumbue, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tanzania, bila leseni ni ujangili.

Mwanangu wa miaka 9 anaweza kuvuta upinde wangu bila mshale, azoee? (Muscat)

Wako, hapana. Mtafutie wa ratili 10 hadi 15, avute na kurudisha taratibu. Kuachia kamba bila mshale, hata mara moja, asithubutu, na wewe pia: nguvu ya kubeba mshale inarudi kwenye mikono ya upinde na kuachanisha tabaka zake. Kama imeshatokea, pitisha pamba kwenye kingo zote. Itakaponasa pana ufa, na mikono hiyo usimuuzie mtu.